Rejeta mpya si dawa ya kila gari linalochemka

WAMILIKI wa magari ya kasi jijini Kisumu na katika miji mingine ya ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Port Victoria na Usenge hadi Homa Bay na Mbita, wanaifahamu vyema safari inayoanza kwa mbwembwe na kuishia kando ya barabara, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifuka. Gari hutoka Kisumu likiwa salama, likapita Ahero na Awasi katika uwanda wa Kano bila wasiwasi, kisha likaanza kupanda kuelekea Kericho. Hapo ndipo mshale wa joto huanza kusogea.

Ushauri anaopewa mwenye gari baada ya mkasa huo, na takriban kila apitaye, huwa ni mmoja: nunua rejeta nyingine, kubwa zaidi. Naye akifika dukani hukuta rejeta za kila aina, kuanzia zile kuukuu zilizong'olewa katika magari ya Japani hadi zile za alumini tupu zinazong'aa kama sufuria mpya. Akikosea kuchagua, hasara haiishii kwenye bei ya rejeta. Kichwa cha injini ya kisasa kimeundwa kwa alumini, na safari moja tu ya kuchemka inaweza kukipinda na kuunguza gasketi yake. Kazi ya kukishusha, kukisawazisha kwa mashine na kukirudisha hugharimu zaidi ya rejeta yenyewe, na mara nyingine mwenye gari huishia kununua injini nzima.

Magari yanayohusika hapa, kwa kiasi kikubwa, ni Subaru. Impreza yenye tabo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, ilijipatia sifa nchini kupitia mbio za Safari Rally. Kenneth Eriksson wa Uswidi alishinda mbio hizo akiendesha Impreza mwaka wa 1996, Colin McRae wa Scotland akafuata mwaka wa 1997, naye Mwingereza Richard Burns akaibuka mshindi mwaka wa 2000. Mkenya Patrick Njiru naye aliwapa mashabiki wa nyumbani sababu yao wenyewe ya kulishangilia jina hilo. Safari Rally iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002 na haikurejea hadi 2021, lakini katika miaka hiyo yote vijana waliendelea kuagiza Impreza, Legacy na Forester zilizotumika Japani.

Tatizo ni kwamba magari hayo sasa yamezeeka. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) haziruhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Impreza za kizazi cha pili, ambazo utengenezaji wake ulikoma mwaka wa 2007, haziwezi kuagizwa tena. Zilizopo ndizo hizo zilizo barabarani, na nyingi bado zina rejeta zilizokuja nazo kutoka kiwandani.

Rejeta ya aina hiyo ina kiini cha alumini, chenye mirija myembamba inayopitisha maji na vibati vilivyokunjwa kati ya mirija hiyo, ambavyo mafundi huvifananisha na mapezi ya samaki. Juu na chini ya kiini kuna matangi mawili ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Plastiki ikipashwa joto na kupoa kila siku kwa miaka kumi na mitano hupoteza uimara wake. Weusi wake hugeuka kuwa hudhurungi, kisha siku moja ufa hutokea, mara nyingi kwenye tangi la juu karibu na shingo ya paipu. Mwenye gari anayeona hudhurungi hiyo hana haja ya kungoja ufa.

Hata hivyo, swali la kwanza si rejeta gani inunuliwe, bali ni iwapo rejeta ndiyo yenye kosa. Injini za Subaru zina silinda zilizolazwa pande mbili, na baadhi yake, hasa zile za lita 2.5, zinajulikana kwa gasketi za kichwa zinazovuja. Gasketi ikishaungua, moshi wa mwako hupenya na kuingia katika njia za maji, ukayasukuma maji nje na kuacha hewa mahali pake. Gari la namna hiyo litachemka hata likifungwa rejeta ya lori. Dalili zake ni viputo visivyokoma katika chupa ya akiba injini ikinguruma, maji yanayonuka moshi, na paipu ya juu inayokuwa ngumu kama jiwe muda mfupi baada ya injini kuwashwa. Fundi anayeuza rejeta kabla ya kuangalia mambo hayo anamwibia mteja, hata kama hajui.

Kuna pia kifuniko, kijipande ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya rejeta. Umuhimu wake unaonekana vizuri zaidi katika barabara ya Kisumu kuliko Mombasa. Kisumu iko katika mwinuko wa takriban mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo katika sufuria iliyo wazi huchemka yanapofikia nyuzi 96 hivi, si 100. Mau Summit, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400, huchemka kwenye nyuzi zipatazo 92. Injini nayo hufanya kazi kwa kawaida kati ya nyuzi 85 na 95. Kinachoyazuia maji yasichemke ni springi iliyo ndani ya kifuniko, ambayo huyaweka chini ya shinikizo. Kifuniko kizima chenye nambari 1.1 huwezesha maji yavumilie hadi karibu nyuzi 118 hata huko Mau. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, ulinzi huo wote hutoweka, na gari lililokuwa likitembea Kisumu bila shida huchemka likifika Kericho huku rejeta yake ikiwa haina dosari yoyote.

Hewa ya milimani pia ni nyepesi. Katika mwinuko wa mita 2,500 uzito wake umepungua kwa zaidi ya moja kwa tano ukilinganisha na ya pwani, kwa hivyo kila pumzi inayopita katika mapezi ya rejeta hubeba joto kidogo. Wakati huo huo injini inayopandisha mlima kwa gia ndogo huchoma petroli nyingi, na takriban theluthi moja ya joto la petroli hiyo huishia katika maji. Ndiyo maana rejeta iliyoziba nusu inaweza kulihudumia gari kwa miaka mingi kati ya Kondele na Dunga bila mwenyewe kujua, kisha ikamwaibisha mara moja safarini.

Iwapo gasketi, kifuniko, feni na themostati zimekaguliwa na kosa likabaki kwenye rejeta, basi ndipo uchaguzi unapoanza. (Themostati, ile valvu inayofunguka maji yakishapata joto, inafaa kukaguliwa na kubadilishwa. Mazoea ya baadhi ya mafundi ya kuing'oa na kuitupa hayafai: injini hukosa kufikia joto lake, hunywa petroli na kuchakaa mapema.)

Wazee wa kazi hii hukumbuka rejeta za shaba. Zilikuwa nzito, lakini zilitengenezeka: fundi wa jua kali alifungua matangi, akazibua mirija kwa fito nyembamba, akaziba tundu kwa risasi na moto, na rejeta ikarudi kazini. Alumini haikubali risasi ya kawaida, na plastiki haikubali moto. Kinachofanywa sasa ni kupaka gundi, ambayo huhimili kwa wiki kadhaa au miezi, au kumwaga ndani ya rejeta unga wa kuziba matundu, na hata ute wa yai. Dawa hizo haziwezi kutofautisha tundu na mrija mzima. Huziba vyote viwili.

Kwa hivyo anayebadilisha rejeta ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua iliyotumika, ambayo katika maduka huitwa ya Japani au ya Dubai. Huwa ni ya kiwanda na hukaa mahali pake bila kusumbua, lakini umri wake ni sawa na wa ile inayotolewa, na plastiki yake imepitia joto lile lile. Ya pili ni mpya ya kipimo cha kiwanda, yenye kiini cha alumini na matangi ya plastiki. Ya tatu ni ile ya alumini tupu, iliyochomelewa matangi ya alumini, ambayo hutengenezwa na kampuni kama Koyo ya Japani na Mishimoto, ambayo licha ya jina lake lenye lafudhi ya Kijapani ni ya Marekani. Hiyo hugharimu mara kadhaa ya bei ya aina ya pili. Kuna pia nyingi zinazofanana nayo zisizo na jina lolote.

Wauzaji husifu rejeta ya alumini tupu kwa unene wake. Kiini cha kiwanda katika Impreza nyingi ni chembamba, kama milimita 16 hadi 25, ilhali cha aina hii hufika milimita 40 na zaidi. Maelezo hayo ni ya kweli ila hayajakamilika. Kiini kinene hubeba maji mengi na hutoa joto zaidi gari likiwa katika mwendo wa kasi, upepo ukiingia kwa nguvu. Katika msongamano, au mlimani nyuma ya lori la miwa, upepo huo haupo na kazi yote huachiwa feni. Feni dhaifu haiwezi kuvuta hewa ya kutosha kupitia kiini kinene, na gari hilo laweza kuchemka katika foleni kuliko lilivyokuwa likichemka na rejeta yake nyembamba.

Idadi ya safu za mirija nayo hupotosha. Mnunuzi huambiwa kwamba safu tatu ni bora kuliko mbili. Lakini joto hutoka pale mrija unapogusa mapezi, na safu mbili za mirija mipana zaweza kugusana na mapezi zaidi ya safu tatu za mirija myembamba. Afadhali kupima upana wa mirija kwa rula kuliko kuhesabu safu.

Kwa wakazi wa ufuoni kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havitaji. Katika misimu fulani wadudu wadogo wa ziwani wasiouma hupaa kwa mamilioni, wakatanda juu ya maji kama moshi, na upepo ukiwaleta nchi kavu hujaa kwenye taa, madirisha na nyuso za magari. Gari likipita katikati ya wingu hilo jioni, wadudu hao hunaswa kati ya mapezi, wakakauka na kushikana na vumbi la barabara za murramu. Baada ya misimu michache uso wa rejeta huwa umevaa blanketi. Rejeta ya mashindano yenye mapezi yaliyosongamana sana, inayosifiwa kwa kutoa joto katika hewa safi ya barabara za lami za ng'ambo, huziba upesi kuliko ile yenye mapezi yaliyoachana kidogo. Kwa gari la Usenge au Port Victoria, mapezi yaliyoachana ndiyo ya kuchagua.

Hitimisho la hesabu hizo halitawapendeza wapenzi wa vitu vinavyong'aa. Kwa Impreza au Forester ambayo injini yake haijaongezewa nguvu, rejeta mpya ya kipimo cha kiwanda, iliyotengenezwa vizuri na kufungwa feni zake zote mbili pamoja na maganda yanayozizunguka, inatosha kwa Kisumu na kwa mlima wa Kericho. Wahandisi waliounda gari hilo walikusudia litembee katika joto kubwa kuliko la hapa, ambalo kwa kawaida huwa nyuzi 30 hivi mchana.

Alumini tupu ina wateja wake halali. Wa kwanza ni yule aliyeongeza shinikizo la tabo, kwa sababu nguvu zaidi ni joto zaidi. Wa pili ni yule aliyehamisha kile kipozahewa cha tabo kutoka juu ya injini, mahali kilipowekwa na kiwanda, akakifunga mbele ya gari. Hapo kinasimama mbele ya rejeta na kuinyima upepo, naye hana budi kufidia upungufu huo. Wa tatu ni mshiriki wa mashindano. Mtu huyo na aangalie kwanza nafasi iliyopo. Injini ya Subaru ni fupi na imekaa mbele sana, puli zake zikikaribia feni, na kiini cha milimita 40 huzisogeza feni nyuma hadi mara nyingine zikagusana na mikanda. Wengine hulazimika kutupa feni za kiwanda na kufunga nyembamba zisizo na nguvu, na hivyo kupoteza kwa mkono wa kushoto walichopata kwa wa kulia.

Dukani, rejeta huagizwa kwa nambari ya chesisi, si kwa jina la gari. Yenye gia za kujibadilisha ina kipozamafuta cha giaboksi ndani ya tangi la chini na midomo miwili ya paipu zake, ilhali ya gia za mkono haina. Kipozamafuta hicho kikitoboka, maji na mafuta huchanganyika yakawa kama maziwa yenye rangi ya waridi, na giaboksi huharibika. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochukua rejeta ya mtumba kwa gari la gia za kujibadilisha. Aidha, mnunuzi ahakikishe kwamba ile skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta ya Subaru ipo, kwani baadhi ya zile za kuigiza huiacha. Impreza nyingi zenye tabo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye kijitangi cha chuma kilicho juu ya injini. Shinikizo lake si sawa na havipaswi kubadilishana mahali.

Bidhaa ghushi ni tatizo la miaka mingi katika biashara ya vipuri, na Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 haijayaondoa maduka yanayoziuza. Mnunuzi anaweza kujilinda kwa kwenda na rejeta kuukuu mkononi. Aziweke mbili hizo pamoja, alinganishe midomo, masikio ya kufungia na uzito. Mapezi yaliyolala ovyo, meno ya alumini yasiyobana sawasawa na jina lililokosewa herufi moja kwenye kasha ni ushahidi wa kutosha. Muuzaji asiyeruhusu rejeta ijazwe upepo na kuzamishwa ndani ya maji mbele ya mteja ana sababu yake.

Rejeta ikishapatikana, njia za maji ndani ya injini zioshwe kwanza, la sivyo kutu iliyoziba rejeta ya zamani itahamia katika mpya. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Maji ya ziwa yana tope, ya visima yana madini, na yote mawili hula alumini au kuacha magamba ndani ya mirija. Kinachotakiwa ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa katika vituo vya petroli kwa ajili ya betri, mradi yasiwe asidi. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu na kwamba Kisumu hakujawahi kuganda kitu. Ni kweli hakujaganda, lakini kulanti hiyo hiyo ndiyo inayozuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kuizidisha hakusaidii, kwani ikiwa tupu hubeba joto kidogo kuliko maji. Rangi yake si kipimo cha ubora wala cha aina. Kinachofaa kusomwa ni maandishi ya kwenye mtungi, na aina mbili zisichanganywe.

Rejeta mpya ya alumini inayotoboka katika muda wa miezi michache, hasa katika gari lililofungwa redio kubwa na taa za ziada, mara nyingi imeliwa na umeme. Waya wa ardhi ukilegea, umeme hutafuta njia kupitia majini. Fundi huweka ncha moja ya mita ya volti katika kulanti, bila kugusa chuma, na nyingine kwenye upande hasi wa betri, injini ikinguruma na vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.1, waya wa ardhi urekebishwe kabla ya rejeta ya pili kununuliwa.

Ujazaji hufanywa polepole, gari likiwa limeinuliwa mbele kidogo, skrubu ya hewa ikiwa wazi na kipashajoto cha ndani kikiwa kimewekwa kwenye moto wa mwisho, hadi feni zote mbili ziwake na kuzima zenyewe angalau mara mbili. Kifuniko kisifunguliwe siku hiyo tena. Maji yaliyo chini ya shinikizo katika nyuzi 100 na kitu hugeuka mvuke papo hapo yakifunguliwa, na hubabua uso na mikono. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, kiwango huangaliwa na kuongezwa, kwa kuwa hewa iliyokwama hutoka usiku gari likipoa.

Baada ya msimu wa wadudu, uso wa rejeta huoshwa kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, yakielekezwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele ili uchafu utoke kwa njia ulikoingilia. Mashine za shinikizo zinazotumiwa na waosha magari hulaza mapezi yote kwa dakika moja.